Kundi O Halikuwa na Mtu

Mtaani walimwita Mama Kopi, ingawa hakuwa na mtoto. Alikuwa na duka la kuchapa na kutoa kopi mkabala na shule, na watani walisema watoto wake hutoka kwenye mashine, wote wakiwa wamefanana, na baba yao ni wino. Yeye alicheka nao. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mnene kidogo, mwenye mikono isiyotulia, na mtu akimletea barua yenye makosa aliirekebisha bila kuulizwa.

Pamoja na duka, alikuwa na kazi moja isiyomlipa chochote. Alitunza tovuti ya wachangiaji damu wa mji. Mjomba wake, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, ndiye aliyeiandika miaka tisa nyuma, baada ya kuchoshwa na matangazo ya damu kubandikwa kwenye nguzo za umeme. Watu waliokubali kuchangia waliandikishwa, kila mmoja na kundi lake la damu na namba yake ya simu. Hospitalini, muuguzi wa benki ya damu alifungua ukurasa, akachagua kundi, akachagua chanya au hasi, na majina yakashuka. Kilichobaki ni kupiga simu. Mjomba alijivunia ukurasa ule kuliko nyumba aliyoijenga.

Kisha kiharusi kikamkuta bafuni. Kilimwacha hai, lakini kilichukua mkono wa kulia na karibu maneno yote. Aliyoyabakiza yalihesabika: ndiyo, hapana, maji, ngoja, na jina la marehemu mkewe, ambalo lilimtoka hata pale alipotaka kusema neno lingine. Akili ilikuwa ileile. Hilo ndilo lililomuumiza mpwa wake. Kuzungumza naye kulitaka aandike kwa mkono wa kushoto, herufi moja baada ya nyingine, na sentensi fupi ingeweza kumaliza nusu saa.

Barua pepe ya kampuni iliyohifadhi tovuti ilikuja mara tatu. Ilisema lugha iliyotumika kuandika tovuti, PHP, ilikuwa kwenye toleo la zamani mno, na kwamba ikifika Ijumaa toleo hilo lingeondolewa kwenye seva zao. Kila mwenye tovuti aingie kwenye akaunti yake achague toleo jipya. Mbili za kwanza Mama Kopi alizipita. Ya tatu ilimtia wasiwasi.

Jumatano asubuhi, akimfunga Mjomba vifungo vya shati, alimweleza.

"Nitabadilisha leo, Mjomba. Ni kuchagua tu kwenye orodha na kubofya."

Mjomba aliinua mkono wa kushoto. "Ngoja," alisema.

"Ningoje nini? Ijumaa wataiondoa wenyewe."

Alionyesha laptopu kwa kidevu. Alitaka kupitia alichoandika, mstari kwa mstari, kabla ya kitu kuguswa. Mpwa wake alilijua hilo vizuri. Alijua pia kwamba kupitia huko kungechukua wiki nzima, yeye ameketi pembeni akifunua kurasa, duka limefungwa. Alimbusu kwenye paji la uso, akamwekea chai yake karibu na mkono mzima, akatoka.

Dukani aliingia kwenye akaunti. Kulikuwa na orodha ya matoleo, na la kwao lilikuwa chini kabisa, limeandikwa kwa rangi nyekundu. Alichagua la nane, akabofya. Alipofungua tovuti, ukurasa ulikuwa mweupe pe, kama karatasi ambayo haijapita kwenye mashine. Hakubabaika. Alirudisha toleo la zamani, tovuti ikarudi. Akasoma kumbukumbu za makosa, akaona amri mbili ambazo toleo jipya halikuzijua tena, akatafuta zilizochukua nafasi yake, akaziandika. Kazi hiyo ilimchukua saa mbili na robo, huku akiwatuliza wateja kwa "subiri kidogo tu, nakuja." Akabadilisha toleo tena.

Safari hii ukurasa ulifunguka. Alichagua kundi A chanya, ambalo ni lake mwenyewe, na majina thelathini na moja yakashuka, lake likiwa la kumi na nne. Akajaribu B chanya, yakashuka kumi na tisa. Alikuwa amesogeza kidole kwenda kujaribu makundi yaliyobaki pale mwalimu wa zamu alipoingia na bunda la mitihani.

"Kopi mia mbili na arobaini, na nazihitaji kabla ya kengele," mwalimu alisema.

Mama Kopi alisimama. Kabla ya kufika kwenye mashine alikuwa ameshamtumia muuguzi ujumbe: Sista, tumehamia toleo jipya, kila kitu kiko sawa. Alijisikia mwepesi. Kwa mara ya kwanza tangu Mjomba augue, alikuwa ameirekebisha kazi ya Mjomba bila msaada wa Mjomba.

Jumamosi, fundi mmoja wa kupaka rangi alianguka kutoka kwenye jukwaa, ghorofa ya pili ya jengo la shule, akaangukia vyuma vilivyokuwa vimepangwa chini. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Walimfikisha hospitalini akiwa anaongea, akiuliza ndoo yake ya rangi imemwagikia nani. Damu yake ilikuwa O hasi, na mwenye damu hiyo hawezi kupewa nyingine. Kwenye friji kulikuwa na mfuko mmoja. Waliutundika, ukaisha. Kaka yake alipimwa, akawa B. Mkewe alipimwa, akawa A. Gari lilitumwa hospitali kuu kuleta damu. Mpaka rangi alikata roho saa saba mchana. Gari lilirudi saa nane na nusu na mifuko minne kwenye boksi la barafu.

Mama Kopi alisikia habari hizo kama walivyozisikia wengine, akasikitika kama walivyosikitika wengine. Jumatatu alikwenda mazishini. Alisimama nyuma, akarudi akafungua duka.

Jumanne mchana fundi viatu aliingia. Alikuwa na kibanda nyuma ya kituo cha mabasi, mtu mkavu, mpole, asiyependa kukaa kwenye viti vya watu. Alisimama karibu na mlango akifuta mikono kwenye aproni yake.

"Mama Kopi, nina swali, wala usinielewe vibaya."

"Uliza tu, fundi."

"Namba yangu bado ipo kwenye ile orodha yenu?"

"Ipo. Mbona isiwepo?"

"Basi labda simu yangu ilikuwa na matatizo Jumamosi." Aliitoa mfukoni, akaitazama. "Nasikia yule mpaka rangi amekufa kwa kukosa damu. Nasikia ilikuwa O hasi. Mimi ni O hasi. Wameshaniita mara sita, na mara zote nimekwenda. Jumamosi nilikuwa kibandani tangu saa moja, na simu ilikuwa hapa kifuani. Nimejiuliza mbona haikulia."

Mama Kopi alimwambia akae. Hakukaa. Mama Kopi alivuta kompyuta, akafungua ukurasa, akachagua O, akachagua hasi, akabofya.

Hakuna aliyeandikishwa.

Alibofya tena, akaandikiwa vilevile. Akachagua O chanya, kundi lenye watu wengi kuliko yote, watu zaidi ya tisini aliowaandikisha kwa mkono wake. Hakuna aliyeandikishwa. Akafungua ghala la majina lenyewe, na wote walikuwemo, hakupungua hata mmoja. Wenye O hasi walikuwa wanne. Fundi viatu alikuwa wa pili.

"Kuna nini?" fundi viatu aliuliza.

"Upo," alisema. "Upo, ila ukurasa haukuoni."

Fundi viatu aliitazama tena simu yake. "Tangu lini?"

"Tangu Jumatano. Mimi ndiye niliyebadilisha."

Fundi alimtazama, si kwa hasira. Alirudisha simu mfukoni, akasema ana mtu anayemsubiri na kiatu kimoja, akaondoka. Mama Kopi alifunga mlango wa duka kwa ndani, akageuza kibao kisome "Tumefunga".

Haikumchukua hata robo saa kupata kosa. Mjomba alikuwa ameiandikia kompyuta hivi: kundi likiwa A, lete hawa, likiwa B, lete hawa, likiwa AB, lete hawa, likiwa O, lete hawa. Ila pale pa mwisho kidole chake kilikuwa kimegonga sifuri badala ya herufi O, tena bila alama za kunukuu alizoyawekea makundi mengine. Kwa macho hazikutofautiana. Na kwa miaka tisa hata kwa kompyuta hazikutofautiana, kwa sababu toleo la zamani, likiulizwa kama neno lisilo na tarakimu ni sawa na sifuri, lilikubali tu. A ilikuwa imeshachukuliwa, B imeshachukuliwa, AB imeshachukuliwa, na O ikaangukia kwenye sifuri kama inavyotakiwa. Toleo jipya halikubali. Kwake herufi ni herufi na sifuri ni sifuri. Halikupiga kelele wala kuonyesha kosa lolote. Lilitafuta sifuri, halikuiona, likajibu hakuna.

Alifuta sifuri, akaandika O ndani ya alama za kunukuu. Akabofya. Majina manne yakashuka.

Alilia kidogo, kisha akanawa uso kwenye beseni la kuoshea vifaa vya mashine, akaenda hospitalini kwa miguu.

Muuguzi wa benki ya damu alikuwa mwanamke mtu mzima aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Ofisi yake ilikuwa chumba chembamba chenye friji mbili, meza, na kabati la chuma. Mama Kopi alimweleza yote akiwa amesimama. Muuguzi aliweka kalamu chini taratibu.

"Nilibofya mara mbili," alisema. "Mara mbili nikaambiwa hakuna."

"Najua, Sista."

"Siku tatu sijalala. Najiuliza ningempigia nani." Alitazama kabati. "Nilijua walikuwepo. Yule wa viatu nimemtoboa mkono kwa mikono yangu hii. Lakini wewe mwaka huu ulisafisha orodha, ukatoa waliohama na waliokufa. Nikasema basi, watakuwa wametolewa. Na muda ulikuwa hakuna, watu wanapiga kelele, yule kijana anazidi kuwa mweupe."

"Uliamini ukurasa."

"Mwanangu, kwenye kabati hili kuna daftari la zamani. La kabla ya tovuti yenu. Na yule wa viatu yumo, na namba yake ni ileile. Ni hatua mbili kutoka hapa nilipokaa. Sikulifungua."

Nje, mtu alikuwa akisukuma kitanda chenye gurudumu bovu, na sauti yake ilipita mlangoni ikaenda hadi mwisho wa korido.

"Ripoti imeshaandikwa," muuguzi alisema. "Inasema hakukuwa na mchangiaji. Daktari mkuu ametia sahihi. Ukienda kusema lako, wataniuliza langu."

"Unataka ninyamaze?"

Muuguzi aliichukua kalamu, akairudisha mezani. "Sijui ninataka nini," alisema mwisho. "Nikisema unyamaze nitakuwa mtu gani? Nenda. Ila usinitaje wewe. Nikitajwa, nijitaje mwenyewe."

Mama Kopi alianza kwa daktari mkuu, ambaye alimsikiliza kwa dakika kumi, akaandika mistari mitatu, akamwambia ataitwa. Kutoka pale alikwenda kwa mjane.

Msiba ulikuwa bado haujaanuliwa. Viti vya kukodi vilikuwa uani, vingi vikiwa vitupu. Mjane alikuwa chumbani kwa mkwewe, ameketi kitandani, miguu imefunikwa kwa kitambaa. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini hivi, na kwenye kucha zake kulikuwa na rangi ya kijani iliyokauka, maana alimsaidia mumewe kuchanganya. Mkwewe, mama mtu mzima, alikuwa kwenye mkeka akichambua nguo za marehemu.

"Pole sana," Mama Kopi alisema.

"Tumeshapoa." Ndivyo wanavyojibu watu ambao hawajapoa.

Alikuwa amepanga maneno njiani, yakamtoroka yote. Akasema kama yalivyotoka: kwamba yeye ndiye anayetunza orodha ya wachangiaji damu, kwamba Jumatano alibadilisha kitu, kwamba alijaribu makundi mawili akaacha mengine, na kwamba ukurasa ukamjibu Sista kuwa hakuna mtu wakati watu walikuwepo.

Mkwe aliacha kukunja shati alilokuwa ameshika.

"Walikuwepo wangapi?" mjane aliuliza.

"Wanne."

"Hapa mjini?"

"Mmoja alikuwa safarini. Watatu walikuwa hapa."

"Aliyekuwa karibu alikuwa wapi?"

"Nyuma ya kituo cha mabasi. Ni fundi viatu."

Mjane alifikiri. Ilionekana anapima njia kichwani, kutoka kituo cha mabasi hadi lango la hospitali. "Pale si mbali," alisema. "Hata kwa miguu si mbali."

"Si mbali."

"Mimi nilikaa nje ya mlango kuanzia saa tatu na nusu hadi saa saba. Ningetumwa ningekwenda kumwita mwenyewe." Sauti yake haikupanda. "Na Sista hakumjua huyo mtu?"

"Aliamini alichoambiwa na ukurasa," Mama Kopi alisema. Ilikuwa kweli, na alijua haikuwa kweli yote, na alihisi uzito wake ulimini.

"Kwa nini hukujaribu na hayo mengine?"

"Mteja aliingia."

"Mteja."

"Ndiyo. Alikuwa na mitihani ya kutoa kopi."

Mkwe aliinuka kwa shida, akaenda akasimama dirishani akiwapa mgongo. Mjane alichukua daftari la mahudhurio ya msiba lililokuwa juu ya meza, akachana karatasi ya nyuma, akampa pamoja na kalamu.

"Niandikie," alisema. "Yote uliyoniambia, na tarehe, na jina lako. Leo nimesikia mambo mengi, na kesho nitajiambia kwamba hili niliota. Mwanangu akikua ataniuliza."

Mama Kopi aliandika akiwa amepiga magoti, karatasi juu ya stuli. Alikuwa ameandika barua za watu wengi maishani mwake, za kuomba kazi, za kuomba radhi, za talaka, bila kuharibu karatasi. Safari hii aliharibu karatasi ya kwanza akapewa ya pili. Alipomaliza, mjane aliisoma mara moja, akaikunja, akaiweka chini ya mto.

"Sasa uende," alisema. "Sikufukuzi. Ila sitaki kukuona ukilia hapa."

Nyumbani, Mjomba alikuwa ameketi dirishani. Jirani alikuwa ameshapita akamweleza kwamba fundi viatu anasema hakupigiwa simu. Mama Kopi alijua hivyo mara alipomwona uso. Alikusudia kusema kwamba toleo jipya ndilo lililoharibu, aishie hapo. Mjomba alionyesha laptopu.

"Kesho, Mjomba."

"Hapana."

Akaifungua mbele yake. Mjomba alisogeza kurasa kwa kidole cha kushoto, taratibu, hadi kwenye makundi. Alisoma kila mstari. Alipofika kwenye O alisimama hapo muda mrefu. Kisha akagonga herufi chini ya ukurasa, moja moja: hizi alama sikuweka mimi.

"Nimeweka mimi leo," mpwa wake alisema.

Akagonga tena: kulikuwa na nini.

Angeweza kumdanganya. Lakini alikuwa mwanafunzi wake kabla ya kuwa mlezi wake, na hakuwahi kumshinda kwa uongo. "Sifuri," alisema. "Lakini ilifanya kazi miaka tisa. Kosa ni langu. Uliniambia ningoje, mimi sikungoja."

Mjomba alitazama kioo cha laptopu, midomo ikimchezacheza, na neno lililomtoka lilikuwa jina la mkewe. Aliisukuma laptopu kwa kiwiko ikaenda hadi ukingoni mwa meza. Usiku huo hakula, wala siku iliyofuata. Siku ya tatu alikubali uji, akanywa huku amegeuza uso ukutani.

Hospitali iliunda kamati. Muuguzi alijitaja mwenyewe kabla hajaulizwa, akatoa daftari kabatini akaliweka mezani mbele yao. Walimhamishia kitengo cha kliniki ya watoto amalizie huko miaka yake miwili. Mama Kopi aliitwa mara moja, akaeleza, akashukuriwa kwa kuja. Walisema hawatatumia tena tovuti hadi ipatikane ya serikali. Ripoti mpya ilisema kulikuwa na hitilafu ya mfumo. Alipoisoma alitafuta mahali lilipoandikwa jina lake, hakupaona. Hilo halikumpa nafuu yoyote.

Aliendelea kulipia akaunti. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua duka, alichagua makundi yote manane, moja baada ya jingine, na kuweka alama kwenye karatasi. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyekuwa akiutumia ukurasa. Majina yalishuka kama yanavyotakiwa.

Mama Kopi alimwona mjane mara moja tu baada ya hapo. Aliingia dukani na cheti cha kifo, akataka kopi tatu. Mama Kopi alizitoa, akazipanga, akazibana pembeni kwa pini. Mjane alizihesabu, akauliza ni kiasi gani, akaambiwa si kitu. Alitoa hela ileile inayotolewa na kila mtu, akaiweka juu ya mashine, akatoka.